Kaptula ya Khaki Katikati ya Tandiko

Haya ninayokuja kuwaambia hamtayaamini, na wala sijali. Hata waliokuwepo hawayaamini. Kuna jamaa alisimama palepale Pangani (Pangani ya Kibaha, msinipeleke Tanga) na soda yake mkononi, akaona mwanzo mpaka mwisho, na ukimuuliza leo anakwambia labda aliota. Mjomba wenu sikuota. Shule nilifika darasa la tano, la sita nililichungulia dirishani, kwa hiyo nikikosea herufi msiniletee ualimu. Shikeni kisa.

Kisa chenyewe ni cha tandiko la viraka. Tandiko hilo lilimsimamisha mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mwenye nyumba ya vigae na geti linalofunguka bila kuguswa, mbele ya wakwe zake, kama mtoto aliyeitwa ubaoni na chaki hana.

Aliyelishona ni Hamisa binti Mwinyimadi, wa Msimbu kule Kisarawe. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mdomo. Ana shamba la mihogo na mikorosho yake michache, na jua likishapinda anakaa barazani kwake na sindano. Cherehani hana. Aliwahi kupewa kimoja, akakifanya stuli ya kuwekea redio. Anashona kwa mkono: juu viraka, katikati blanketi kuukuu, chini shuka la marekani, halafu anapiga bandi tabaka zote tatu kwa pamoja, mistari imenyooka kama matuta ya viazi. Ukilala chini ya tandiko hilo mvua za masika unaziona kama porojo za jirani.

Ila ana masharti yake, na masharti ya Hamisa huyapindi. Kitambaa kipya hashoni. "Kitambaa kipya hakijaona kitu," husema. "Kitamwambia nini mtu aliyelala?" Anataka nguo zilizovaliwa zikachoka: khanga za mabibi, magauni ya krimplini, mashati ya tetroni yenye kola kama masikio ya sungura. Khanga anaikata maneno yake anayaweka kando, kwa sababu mtu kishalala, ya nini kuendelea kumsema? Na hauzi. Tandiko anampa ndugu au rafiki, na huyo ndugu au rafiki alete nguo za watu wake mwenyewe. Alishakuja mama mmoja wa mjini na gari lake jeupe, akashika tandiko lililoanikwa kwenye kamba, akataja bei. Hamisa akamtazama hivi.

"Hii ni khanga ya marehemu mama yangu, mwenzangu. Nikuuzie ukamlaze nani humo?"

Gari likageuza.

Sasa Hamisa ana mdogo wake wa kiume, Abdulkadiri. Ndiye huyo wa duka na geti. Wamezaliwa wawili tu, na Hamisa ndiye aliyembeba mgongoni. Abdulkadiri si mtu mbaya, msije mkamchukia mapema. Ana kaugonjwa kamoja tu: amekuwa tajiri, basi anataka awe alizaliwa hivyo hivyo. Ana binti yake anaitwa Firdausi, na Firdausi akachumbiwa na Ally, kijana wa Mbwawa, mtoto wa Mzee Zaidi. Harusi ikapangwa.

Kabla ya harusi Firdausi akapanda bodaboda mpaka Msimbu kwa shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mke wa watu. Umekuja kula mihogo au umekuja na jambo?"

"Vyote. Shangazi, nataka tandiko. Nataka muwemo humo nyote: bibi, babu, wewe, baba. Baba hanisimulii kitu. Nikimuuliza alikuwaje alipokuwa mdogo, ananionyesha duka."

Hamisa akacheka mpaka sindano ikamponyoka. Kisha akaiokota polepole, maana ombi lilikuwa zito. Kwao, kitu kinachotoka na vyombo vya bibi harusi kinatoka kwa jina la ukoo. Kikipelekwa baadaye, hata kiwe cha dhahabu, ni zawadi ya mgeni. Kama tandiko hili lingekwenda, lilipaswa kwenda siku ileile vyombo vinapotolewa, mbele ya wakwe, au lisiende kabisa.

Akafungua sanduku la bati. Humo akatoa khanga za mama yao, zilizolainika kama ngozi ya mtoto. Akatoa gauni lake mwenyewe la krimplini, lenye maua makubwa kama sahani za pilau. Akatoa suruali ya bugaluu, pana miguuni, ya mjomba mmoja mtanashati ambaye akipita nayo Maneromango, wenye maduka walikuwa wanasahau kudai. Jina lake silitaji, naona haya. Na chini kabisa akakuta kaptula ya khaki.

Kaptula hiyo ina historia. Ilikatwa kwenye koti la baba yao, Mzee Mwinyimadi, na koti lenyewe lilikuwa la ulinzi. Abdulkadiri aliivaa shule ya msingi yote. Ilipochanika makalioni, mama yao akaichapia viraka viwili vya duara, vya kaniki nyeusi, kimoja kila upande. Watoto wa Msimbu walikuwa wakimwona Abdulkadiri kwa nyuma wanamwamkia, wakidai ni mzee aliyevaa miwani.

Hamisa akaiweka katikati ya tandiko. Hakuipunguza. Viraka vyote viwili vimekodoa macho kama bundi.

Abdulkadiri alipokuja Msimbu kumletea dada yake kitambaa cha sare ya harusi, tandiko lilikuwa limetandazwa mkekani, limebakia pindo. Akaanza kulizunguka akilisifu, mkono huu nyuma, mkono huu kidevuni. Akafika katikati. Akasimama.

"Dada, hii nini?"

"Huijui? Mbona ulikaa juu yake miaka."

"Dada, nakuuliza vizuri."

"Nami nakujibu vizuri. Firdausi kasema anataka na baba yake awemo. Baba yake si ndiyo huyo?"

Abdulkadiri akaketi, hata kiti hakukikagua, akaketi tu na suruali yake nyeupe. "Mzee Zaidi nimeshamwambia marehemu baba alikuwa mtu wa korosho."

"Kwani ni uongo? Baba alikuwa na korosho ghala zima, Mungu amrehemu. Alizilinda mpaka macho yakamtoka."

"Usinicheke!"

"Sikucheki. Hujaona nikikucheka wewe."

"Fumua hapo katikati. Weka kitu kingine. Nitakuletea satini, dada, satini nzuri ya rangi unayotaka."

"Satini kafunike makochi yako."

"Basi usilete."

"Nitaleta."

"Nasema usilete! Pale ni kwangu!"

"Ni kwako, na mtoto ni wako, na kaptula ni yako. Mimi cha kwangu hapo ni sindano tu, Kadiri, na sindano hairudi nyuma."

Akaondoka kwa hasira, gari likawatimulia vumbi kuku wote wa Hamisa. Hamisa akachukua uzi akamalizia pindo. Ila msidhani hakuumia. Usiku ule hakuwasha redio.

Siku ya kutoa vyombo, Hamisa aliingia Pangani na tandiko kifuani, limefungwa kwenye khanga mpya. Turubai zimesimama, spika zinatikisa vioo vya majirani, wanawake wamevaa sare wamejaa uani. Fadhila, mke wa Abdulkadiri, akamkimbilia mikono wazi.

"Wifi yangu! Karibu, karibu mwenzangu! Lete nikupokee, utachoka bure."

"Hiki nakiweka mwenyewe, wifi."

"Aa, na mimi nipo kwa kazi gani? Nitakipanga juu kabisa, kila mtu akione."

Hamisa akampa. Hapo ndipo alipokosea, na mpaka leo ukimkumbusha anajipiga paja. Mwanamke aliyeshindana na mwenye gari jeupe, akashindana na mdogo wake, akaja kushindwa na tabasamu la wifi.

Vyombo vikaanza kutolewa nje kuonyeshwa wakwe. Godoro likapita, masufuria yakapita yamepangwa kama ngoma, friji ikapita na vigelegele vyake, blanketi za dukani zenye picha za simba zikapita kwenye mifuko yao ya nailoni. Hamisa akanyoosha shingo. Tandiko hakuna. Jiko la gesi likapita. Ndoo zikapita. Tandiko hakuna. Akaanza kupenya katikati ya watu mpaka getini, kwenye kirikuu kilichokuwa kinapakiwa.

Akaliona. Kabati la vioo limelazwa ubavu, na tandiko limezungushwa kabati hilo ili vioo visigonge bodi, kamba ya katani imekazwa juu yake, na kijasho cha grisi ya gari kimeshaanza kuingia kwenye maua ya krimplini.

Akaishika ile kamba afungue. Mkono ukamshika mkono.

"Dada," alisema Abdulkadiri, taratibu, akitabasamu kwa ajili ya watu. "Wakwe wale pale. Nakuomba, usinitie aibu."

"Nani anamtia mwenzake aibu hapa? Umemfunga mama kwenye kabati!"

"Si litafika? Litafika na vyombo, kama ulivyotaka."

"Litafika kama gunia!"

Wakabaki hivyo, kila mmoja kashika ncha ya kamba, meno nje kwa furaha ya uongo, ndipo sauti ikatoka nyuma ya kirikuu.

"Nyie Wazaramo mnagombea kamba? Kumbe vya maana hamvijui!"

Alikuwa Yasinta. Mnyamwezi, mfuga kuku wa Mbwawa, mwimba kwaya wa parokia, na mtani wa kila Mzaramo kuanzia Kibaha mpaka Kisarawe. Mnaujua utani, sina haja ya kuwapa darasa: tangu enzi za misafara Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani hakaribishwi, anafika. Akiona kitu kwenye shughuli yako kimewekwa vibaya, anakichukua, nawe hukasiriki. Ukikasirika umejivunjia heshima mwenyewe. Unakikomboa kwa anachotaka yeye, mbele ya watu. Na mtani mwenye akili haibi ufagio. Akichukua kitu, kila mtu anajua hicho ndicho cha thamani.

Yasinta akakata kamba kwa kisu cha kuchinjia kuku. Kabati likalia kwaa. Akalivuta tandiko, akajitanda kama malkia, akaenda nalo mpaka katikati ya turubai, mbele ya viti vya Mzee Zaidi na watu wake. Muziki ukazimwa.

"Wakwe, hodi! Nimeiba!" akatangaza. "Nimekuta hawa wamevalisha kabati nguo, mtoto wao wanampeleka na friji. Nyie Wazaramo, friji ndiyo itamfunika?"

Vicheko vikapasuka. Abdulkadiri naye akacheka, kwa sababu lazima acheke, lakini kola yake ilikuwa imeshalowa.

"Mtani, mtani wangu. Sema, nikupe nini? Jogoo?"

"Mimi nafuga kuku. Kwangu umewaona wanalia kwa upweke?"

"Kreti ya soda."

"Nina sukari ya mwilini."

"Mbuzi, basi! Nakupa mbuzi, mtani!"

"Mbuzi wako ana miguu, akinipenda atakuja mwenyewe." Yasinta akajigeuza polepole ili watu waone mgongo, na zile duara mbili za kaniki zikawakodolea wakwe macho. "Nataka nijue nimeiba nini. Mwizi gani hajui mali aliyochukua? Nitajie kiraka kimoja kimoja, ni nguo ya nani. Ukimaliza, chukua chako."

Abdulkadiri akatazama kulia, akatazama kushoto, akamfuata dada yake aliyesimama kwenye nguzo ya turubai. Akamwinamia sikioni. Hakutumia sauti ya dukani. Alitumia ile ya zamani.

"Dada Hami. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Ukisema 'nakomboa' tu, atakurudishia, hatadai kitu. Nisitiri."

Na ilikuwa kweli. Mkubwa wa nyumba akisema neno hilo, mtani hana ubishi. Hamisa alilijua. Neno lilikuwa limeshakaa ulimini. Alimwona mdogo wake na kijasho chake, akamkumbuka mgongoni kwake, mzito kwa jinsi alivyokuwa akipenda ugali. Angelisema, tandiko lingerudi, likunjwe, lipelekwe, na Firdausi angelala chini ya nguo ambazo baba yake hakuthubutu kuzitaja. Akamtafuta Firdausi kwa macho. Bibi harusi hapaswi kuonekana siku hiyo, lakini pazia la dirishani lilikuwa limeshikwa na vidole vyenye hina.

"Sikomboi," akasema Hamisa.

"Dada!"

"Sikomboi, Kadiri. Kaptula ile nilikuvalisha mimi kwa mikono hii, nikaifunga kwa kamba ya mgomba maana kifungo hakikuwepo. Ukatoka nayo kifua mbele. Siku ile hukuwa na kitu na hukuona haya. Leo una kila kitu, haya umeipata wapi? Nenda. Na uinue kichwa, watakuona."

Akaenda. Hakuwa na pa kwenda kwingine. Akashika tandiko upande mmoja, Yasinta upande wa pili, wakalitanua kama nyavu.

"Hii," Abdulkadiri akaanza, "khanga ya marehemu mama yangu. Na hii. Na hii pia ya mama, alikuwa anaanulia unga wa muhogo."

"Tunasikia, endelea!"

"Krimplini hii ya dada yangu. Alikuwa akiivaa Idi, Idi zote." Watu wakacheka, Hamisa akajishika kiuno. "Hii ya mistari... bugaluu ya mjomba wetu."

"Mjomba gani?"

"Yule muongo."

Hapo wakacheka kupita kiasi, sikuona kilichochekesha.

Kisha kidole chake kikafika katikati, kikakaa juu ya khaki, hakikusogea. Mtu mmoja akakohoa. Fadhila alikuwa ameziba uso kwa mtandio. "Hii," akasema, "khaki tu hii."

"Khaki ya nani?" akauliza Yasinta.

"Khaki ya... ya zamani."

"Mtani, mimi mbeba mizigo wa tangu mababu, naweza nikakaa nayo mpaka kesho."

Abdulkadiri akainua kichwa, akamwona dada yake. Hamisa hakumkonyeza, hakumtikisia kichwa. Alisimama tu, wima, kama anayemsubiri mtoto avuke.

"Kaptula yangu," akasema, na sasa sauti yake ilifika mpaka getini. "Ya shule. Sikuwa na nyingine. Ilikatwa kwenye koti la baba yangu la kazi. Mzee Mwinyimadi alikuwa mlinzi. Mzee Zaidi, nilikwambia baba alikuwa mtu wa korosho. Korosho zilikuwa za watu, yeye alilinda ghala."

Watu wakaanza kutafuta pa kuweka macho. Mzee Zaidi akaegemea mbele kwenye kiti, akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Na hizo duara mbili?"

"Viraka, mzee. Kaniki ya mama."

"Viwili tu?"

"Viwili."

"Basi nyie mlikuwa mnajiweza," akasema Mzee Zaidi. "Mimi nilikuwa na vitatu. Cha tatu kilipokaa sipataji, wakwe zangu wapo."

Weee! Turubai zikataka kung'oka! Na hapo, ndugu zangu, ndipo msipopaamini: Abdulkadiri akaangua kilio, kilio cha dume, machozi yakashuka kama bomba lililopasuka, Mzee Zaidi akalia, wapishi wakalia mpaka pilau likaongezeka chumvi, magari ya Barabara ya Morogoro yakasimama madereva wakashuka kuuliza nani kafariki, na mbele ya umati wa watu elfu nne Abdulkadiri akaanguka magotini, akambusu dada yake miguu, akasema, "Dada, kuanzia leo geti langu na duka langu na—"

"Nani alianguka magotini?" anauliza Hamisa, aliyekaa hapa hapa barazani akinisikiliza, sindano kaibana kwa meno. "Hebu rudia hapo, nisikie vizuri. Watu elfu nne ungewaweka wapi, chini ya turubai mbili? Na hakulia. Mdogo wangu alisema, akalichukua tandiko kwa Yasinta, akalibeba mwenyewe mpaka chumbani kwa mwanawe. Hata mimi hajaniomba radhi mpaka leo, wala sikuitaka. Nilitaka aseme, na alisema. Usimwongezee kitu."